Kusikiliza bila Kuvutwa: Stadi za Kijamii na za Kujitawala katika Upigaji wa Amadinda

1.0 Utangulizi

Ufundishaji wa muziki wa kundi aghalabu huanza na ufundi wa mkono: kasi, usahihi na kumbukumbu. Makala haya yanadai kuwa katika muziki wa amadinda wa Buganda, nchini Uganda, ufundi huo hautenganishwi na namna mpigaji anavyohusiana na wenzake na anavyojitawala mwenyewe. Msingi wa dai hili ni muundo wa ala yenyewe.

2.0 Ala na Mgawanyo wa Kazi

Amadinda ni marimba yenye vibao 12 vinavyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba na kupigwa na watu watatu. Wawili kati yao huketi wakitazamana. Omunazi huanzisha wimbo. Omwawuzi, yaani mgawaji, hupachika noti zake katikati ya noti za omunazi. Mwendo wao ni mmoja, lakini mapigo yao hayaangukii mahali pamoja. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya juu kabisa. Yeye hurudia, oktavu mbili juu, kila noti inayoangukia vibao viwili vya chini kabisa, iwe imepigwa na omunazi au omwawuzi.

3.0 Stadi Zinazodaiwa na Ala

Stadi ya kwanza ni kujizuia. Mwanafunzi anayeketi nafasi ya omwawuzi huvutwa na mapigo ya mwenzake hadi akapiga pamoja naye, na hapo wimbo huvunjika. Akiziba masikio ili asivutwe, huachwa nyuma. Hana budi kumsikiliza mwenzake kwa makini huku akishikilia nafasi yake.

Stadi ya pili ni kuridhika na kutomiliki wimbo. Mtafiti Gerhard Kubik alionyesha kuwa msikilizaji wa muziki huu husikia miundo ya sauti ambayo hakuna mpigaji hata mmoja anayeipiga peke yake. Anayepiga kwa nguvu ili asikike huiharibu miundo hiyo. Omukoonezi ndiye mfano bora wa stadi hii: kazi yake ni ndogo machoni, lakini haiwezekani bila kuzijua sehemu za wenzake wote wawili.

Ya tatu ni kulikabili kosa. Aliyepotea akiendelea kwa ukaidi, huwapoteza na wengine. Hunyanyua mikono, husikiliza, kisha huingia tena bila kumlaumu mtu.

4.0 Urithi na Ufundishaji

Mwaka 1966 jeshi la serikali lilivamia kasri la Kabaka huko Mengo, na muziki wa kasri ukapoteza makao yake. Wapigaji kama Evaristo Muyinda waliendelea kuufundisha nje ya kasri. Wataalamu nao wameziandika nyimbo hizi kwa tarakimu 1 hadi 5, kwa kuwa ngazi yake ina noti tano. Maandishi hayo yana thamani kubwa. Hata hivyo, tarakimu humwambia mwanafunzi kibao cha kupiga. Hazimfundishi kumngoja mwenzake.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kuwa wanafunzi wa amadinda wafunzwe watatu watatu tangu somo la kwanza, wabadilishane nafasi zote, na wapimwe kama kundi. Noti zikihifadhiwa bila uhusiano huu, kitakachorithiwa ni orodha ya nyimbo, wala si muziki wenyewe.