Kutafuta Uso wa Sauti: Kisa cha 3C 273

Asikiaye ngoma usiku kutoka ng'ambo ya mto hutambua upande inakolia, lakini hawezi kuonyesha kijiji. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya wanafalaki katika miaka ya 1950. Orodha ya tatu ya Cambridge, iliyotolewa mwaka 1959, ilihesabu vyanzo 471 vya mawimbi ya redio angani, na vingi vilikuwa na nambari tu. Mawimbi hayo ni marefu mno kuliko ya nuru. Kwa hiyo sahani inayoyapokea huona kama katika ukungu, na pale inapoelekea, picha ya darubini huonyesha nyota na galaksi nyingi. Ipi kati ya hizo inayonena?

Kwa chanzo nambari 273, Mwezi ndio ulioamua. Mwaka 1962 ulipita mbele yake mara kadhaa. Tarehe 5 Agosti, Cyril Hazard na wenzake walikifuata kwa sahani ya Parkes, Australia, yenye upana wa mita 64. Chanzo kilikuwa kinashuka karibu na upeo wa macho, hata ikabidi sahani iinamishwe kupita kikomo chake cha kawaida. Kwa kuwa mahali pa ukingo wa Mwezi hujulikana barabara kwa kila sekunde, wakati sauti ilipokatika na wakati iliporudi vilitosha kukokotoa mahali pa chanzo. Kumbe kilikuwa na sehemu mbili: moja palepale penye nyota hafifu ya samawati, nyingine kwenye ncha ya mchirizi wa nuru ulio kando yake.

Maarten Schmidt alipoichambua nuru ya "nyota" hiyo kwa darubini ya Palomar, California, mistari yake ilimtatiza. Mwezi wa Februari 1963 alitambua kuwa ni ya hidrojeni, ila imesogea kwa asilimia 16 kuelekea upande wa nyekundu. Kitu hicho kiko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni mbili! Si nyota, bali ni kiini cha galaksi, ambamo gesi huzunguka na kuangukia shimo jeusi.

Sisi wa lugha tuna la kuongeza. Jina kwasari, lililobuniwa mwaka 1964, ni mkato wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "chanzo cha redio kinachofanana na nyota". Baadaye ilibainika kuwa kwasari zilizo nyingi hutoa redio hafifu sana. Basi jina limekosea mara mbili. Anayetaka kulifasiri neno kwa neno atayaleta makosa yote mawili katika Kiswahili. Kwa maoni yetu, heri kulitohoa.