Imani, Upambanuzi na Kujitawala katika Sala ya Ardas ya Wasikhi

Ardas ni sala ambayo Wasikhi, wajulikanao kwa Waswahili wengi kama Masingasinga, huiomba pamoja wakiwa wamesimama na kuunganisha viganja. Matini yake imo katika Rehat Maryada, mwongozo wa mwenendo ulioidhinishwa mwaka 1945. Sehemu moja ya sala hiyo huomba vipawa kwa mfuatano: Usikhi wenyewe, nywele zisizokatwa, nidhamu ya maisha (rehat), upambanuzi (bibek), kuamini (visah), tegemeo (bharosa) na, kilicho kikuu kuliko vyote, Jina la Mungu (naam). Ni rahisi kuipita orodha hii kama desturi ya ulimi tu. Hata hivyo, ndani yake mna hoja ya kiteolojia: nidhamu na upambanuzi vinatajwa kabla ya imani, na vyote vinaitwa daan, yaani kitu apewacho mtu bila kukilipia.

Uzito wa neno daan huonekana pale inapochunguzwa dhana ya haumai, ile hali ya nafsi kujiona ndiyo kitovu cha kila kitu. Mafundisho ya Kisikhi hutaja maadui watano wa ndani: uchu (kaam), hasira (krodh), uroho (lobh), mapenzi yanayomfunga mtu (moh) na majivuno (ahankar). Wanne wa kwanza huweza kudhibitiwa kwa jitihada. Wa tano hunenepa kwa ushindi huohuo. Aliyeishinda hasira yake, kisha akajisifu moyoni kwa kuishinda, yumo katika hatari ambayo mwenye hasira hajaifikia. Ndiyo maana Guru Nanak (1469–1539), katika utungo wa Sidh Gosht unaosawiri majadiliano na wayogi, haridhiki na kujitenga kwao na dunia. Yeye mwenyewe aliishi miaka yake ya mwisho Kartarpur akiwa mkulima na mwenye familia.

Hii haimaanishi kwamba jitihada imedharauliwa. Ubeti wa 38 wa Japji unasawiri karakana ya sonara: kujizuia ni karakana, subira ni sonara mwenyewe, akili ni fuawe na maarifa ni nyundo. Ni taswira ya jasho na moto. Lakini ubeti hauishii kwenye nyundo. Hurudi kwenye nadar, mtazamo wa neema ya Mungu, ambao bila huo kazi ya karakana haikamiliki.

Bibek, neno lenye asili katika viveka la Kisanskriti, ndilo linaloziunganisha pande hizi mbili. Pasipo upambanuzi, nidhamu hugeuka maonyesho, nayo imani hugeuka ufuasi wa yeyote ajiitaye mwalimu. Hatari hiyo si ndogo kwa dini ambayo, katika mapokeo yake makuu, haina Guru wa kibinadamu tangu 1708, bali ina Guru Granth Sahib. Baada ya Ardas kitabu hicho chenye kurasa 1430 hufunguliwa popote, na kifungu kinachojitokeza husomwa kuwa amri (hukam) kwa waliohudhuria. Imani huipokea amri hiyo bila masharti. Lakini kifungu hakimtaji muumini kwa jina, wala hakimwambii afanye nini dukani kwake alasiri ile, na hapo ndipo kipawa kilichoombwa dakika chache zilizopita kinapoanza kuhitajika.