Ganda Lisiposhikwa na Chuma

Bastola inapofyatuliwa, pini hugonga fataki kwenye kitako cha risasi, baruti ikawaka na mgandamizo wa gesi ukapanda ghafla. Kwa risasi ya .40 S&W, iliyotoka Marekani mwaka 1990, kiwango cha juu cha mgandamizo ni paundi 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo huwa na kama 30.

Ganda la shaba haliwezi kuihimili nguvu hiyo peke yake. Kazi yake ni kutanuka na kuziba, huku chuma cha chemba, sehemu ya mtutu inamokaa risasi, kikilibana pande zote. Lakini risasi hutoka chini, kwenye magazini, nayo lazima ipande mteremko ndipo iingie chemba. Ili isikwame, fundi huchonga mteremko huo hadi mdomoni mwa chemba. Hapo chini, karibu na kitako, kipande cha ganda hubaki bila chuma cha kukishika.

Bastola ya Colt M1911 ina uwazi huo tangu zamani, na kwa risasi ya .45, ambayo kiwango chake ni paundi 21,000, haukuleta shida kubwa. Mambo yaligeuka miaka ya 1980. Walenga shabaha wa Marekani waliojijazia risasi walizidisha baruti kwenye .38 Super ili wafikie nguvu iliyotakiwa mashindanoni. Maganda yakapasuka palepale pasiposhikwa, gesi ya moto na vipande vikawarudia. Mafundi wakajibu kwa mitutu inayolishika ganda karibu lote.

Baadaye lawama zilihamia kwa bastola za Glock za mwanzo za .40. Haki isemwe: uwazi pekee haupasui ganda jipya lenye baruti ya kipimo. Kwa kawaida kuna kosa jingine, kama vile baruti iliyomiminwa mara mbili, au ganda lililojazwa tena na tena hadi likachoka. Ndiyo maana Glock inakataza risasi za kujaziwa upya.

Hatari inayosahaulika zaidi ni ya mlinzi au askari anayepakia risasi ileile asubuhi na kuipakua jioni. Kila inapogonga mteremko, kichwa chake kinaweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, mgandamizo unapanda. Dawa yake ni nyepesi: ailinganishe na risasi mpya ya aina hiyohiyo, na ikiwa imefupika, aitenge isifyatuliwe kamwe.