Je, Wajua? Usiku Mmoja wa Ibn Battuta

Je, wajua kwamba msafiri mashuhuri Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu? Kijana huyo wa Tangier alifika mwaka 1331, akiwa na miaka 27 hivi, safarini kuelekea Kilwa. Ngoma na karamu hakusimulia. Kilichomkaa moyoni ni miguu! Watu walitembea pekupeku, na kila mlango wa msikiti ulikuwa na kisima na kata ya mti yenye mpini mrefu: unateka maji, unaosha miguu, unaipangusa kwenye jamvi nene, ndipo unaingia. Chakula kilikuwa ndizi na samaki. Malimau nayo aliyaona, pamoja na tunda tamu lililofanana na zeituni, ambalo pengine ndilo zambarau letu.

Laiti angengoja magharibi ya leo pale mtaa wa Kizingo, Mombasa hiyo hiyo. Chini ya mibuyu ya Mama Ngina, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, mihogo huchomwa makaani, ikapasuliwa, ikapakwa pilipili ya unga na ndimu. Madafu hukatwa kwa panga. Watoto hufyonza mabuyu mpaka midomo ikawa myekundu, na mama zao hujifanya hawaoni. Kisha meli ya makontena hupita kuelekea bandari ya Kilindini, karibu mno hata taa zake huhesabika, na mazungumzo yote hukatika.

Hukatika kidogo tu. "Niongezee pilipili, mwanangu."