Sindano ya miezi mitatu na mifupa yako
Saluni ninayosukia maneno ni yale yale: "Shosti, hiyo sindano inakula mifupa!" Mimi nachoma Depo mwaka wa sita sasa, kwa hiyo nikalifuatilia.

Kuna ukweli. Sindano hii hushusha homoni ya estrojeni, na estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa. Mwaka 2004 Marekani iliamuru Depo-Provera iandikwe onyo kali: isipitishe miaka 2, ila kama njia nyingine hazikufai. Mbona Shirika la Afya Duniani (WHO) halikuweka kikomo kwa wenye miaka 18 hadi 45? Kwa sababu ukiacha, mifupa hurudisha uimara wake kwa sehemu kubwa. Hilo saluni hawalisemi!

Binti chini ya 18, mifupa yake bado inajengeka. Mama aliyevuka 45 anakaribia kukoma hedhi. Hawakatazwi, ila waongee na nesi kwanza.

Umeingiwa na hofu? Omba kitanzi cha shaba, hakina homoni kabisa. Usikatishe tu kimya kimya, utabeba mimba usiyoipanga. Mimi naendelea kuchoma, na dagaa nakula na vichwa vyake.