Kuponi za dukani: Tunaokoa fedha au tunanunua bahati?

 

Ndugu msomaji, baada ya darsa moja la jioni huko Mbagala, mama mmoja alitufuata akiwa na mfuko uliojaa vizibo vya soda na vipande alivyovikata katika pakiti za sabuni. "Sheikh," akasema, "nakusanya kuponi hizi ili nipunguze matumizi ya nyumba. Nimekosea?" Nasi tukamuuliza: "Mama, tangu uanze, fedha inayobaki mwisho wa mwezi imeongezeka au imepungua?" Alinyamaza kidogo, kisha akakiri kuwa mwezi ule mwanawe alikwenda shule bila daftari la hesabu, ilhali chini ya kitanda zimo pakiti kumi na moja za sabuni ya unga.

Swali la mama huyu linastahiki jibu la makini, kwani nia yake ni njema. Katika Suratul Furqan, aya ya 67, Mola wetu anawasifu waja wake ambao wanapotumia hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hushika njia ya kati. Kupunguza gharama za chakula ni sehemu ya njia hiyo. Lililobaki ni kujua kipi kinapunguza gharama na kipi kinaziongeza.

Kuponi kwa asili yake ni hati ya punguzo. Kiwanda huichapa, mnunuzi huipeleka dukani akapunguziwa bei, kisha mwenye duka hurudishiwa na kiwanda kile alichopunguza. Wakulima wetu waliuona utaratibu wa karibu na huo katika vocha za ruzuku ya mbegu na mbolea, zilizoenea kuanzia msimu wa 2008/09: mkulima aliongeza fedha yake juu ya vocha, na wakala wa pembejeo akaipeleka vocha hiyo benki kulipwa. Huko Marekani, ambako desturi ya kuponi za dukani ilienea tangu mwishoni mwa karne ya 19, zipo familia zinazozikusanya na kupunguza kweli gharama za jikoni. Lakini kwa familia ya Chamazi, Tandika au Bunju, inayonunua unga duka la jirani na nyanya gengeni, kuponi za namna hiyo ni nadra.

Zinazotufikia sisi ni za aina tatu. Ya kwanza ni punguzo la wazi: bei imeshushwa, au ukinunua mbili unapewa ya tatu. Ya pili ni kadi ya pointi ya supamaketi, ambayo kila ununuzi huongeza pointi zinazogeuzwa baadaye kuwa bidhaa. Ya tatu ni kuponi ya droo, ambayo mnunuzi hukwangua au hutuma namba kwa simu akitarajia pikipiki, gari au fedha.

Aina mbili za kwanza hazina tatizo kwa asili yake, kwani muuzaji ana haki ya kupunguza bei ya mali yake. Ila atakayelimbikiza pointi azitumie mapema. Maduka makubwa nayo hufunga milango, kama tulivyoona kwa Uchumi mwaka 2015.

Aina ya tatu ndiyo yenye mtihani. Suratul Maida, aya ya 90, imeharamisha kamari. Wapo wanazuoni waliozizuia droo hizi moja kwa moja, akiwemo Sheikh Ibn Baz (aliyefariki 1999). Sheikh Ibn Uthaymin (aliyefariki 2001) aliweka masharti mawili: bei ya bidhaa isiwe imepandishwa kwa ajili ya zawadi, na mnunuzi awe anaihitaji bidhaa yenyewe, si kufuata zawadi. Hata sheria za nchi yetu huziweka bahati nasibu za kukuza biashara chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Basi mwenye pakiti kumi na moja chini ya kitanda ajiulize: alinunua sabuni, au alinunua bahati?

Sasa tuitazame hasara kubwa zaidi, ambayo wengi hatuioni. Nyumba zetu nyingi hununua kwa vipimo vidogo kila siku. Tuchukue mfano wa hesabu tu, maana bei hubadilika. Ikiwa dumu la mafuta la lita 5 ni shilingi 30,000, na kipimo cha moja ya kumi ya lita ni shilingi 700, basi anayenunua kwa vipimo atalipa 35,000 kwa mafuta yaleyale. Shilingi 5,000 zimekwenda kwa sababu hakuwa na 30,000 kwa wakati mmoja. Fanya hivyo kwa sukari, mchele, maharage na sabuni, utaona kuwa mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa ghali zaidi. Punguzo lake liko kwenye jumla, na njia ya kulifikia ni kushirikiana.

Atakaye kuanza, aanze hivi.

Kwanza, kwa mwezi mmoja aandike katika daftari kila kinachonunuliwa na bei yake. Mume na mke wakae pamoja walisome.

Pili, achague vitu vitatu au vinne visivyoharibika haraka, vinavyotumika kila siku. Ofa au kuponi ikihusu kitu kisichomo katika daftari, aiache ipite.

Tatu, atafute majirani wanne au watano waaminifu. Kila mmoja atoe kiasi kidogo kila wiki, na mwisho wa mwezi wanunue kwa jumla, kama vile nafaka katika soko la Tandale au bidhaa nyingine Tandika. Nauli na ubebaji viingizwe katika hesabu. Vikila punguzo lote, safari haina maana.

Nne, michango iandikwe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandika madeni, na michango ya watu ni amana isiyofaa kuachiwa kumbukumbu peke yake.

Tano, mgawo upimwe kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, mbele ya wote. Suratul Mutaffifin imeanza kwa onyo kali juu ya wanaopunja, na majirani wengi waliovunja ushirika waliuvunjia kwenye kisado cha mchele.

Mama yetu wa Mbagala tulimshauri asinunue tena sabuni mpaka hizo kumi na moja ziishe, na fedha ya sabuni ya mwezi ujao itangulie kwenye daftari la mtoto. Alicheka, akasema: "Basi Sheikh, nyumba yangu imepata zawadi bila droo."

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika kidogo tulichonacho, atukinaishe kwa halali na atuepushe na haramu. Amin.

Wabillahi tawfiq.