Moshi wa Shimo la Taka: Tuzijue Kemikali za Kuzuia Moto



Wapendwa wajumbe wa kamati za sharika na marafiki mnaotusaidia, tulipokagua miradi mwaka huu tulifika katika usharika mmoja na kukuta shimo la taka likifuka moshi mweusi. Ndani yake mlikuwa na kompyuta za msaada zilizokwisha kufa, kipande cha sponji ya kiti, na nyaya ambazo vijana walizichoma ili wapate shaba ya kuuza. Kuku walikuwa wakichakura pembeni. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ila wengi wetu hatujui kilichomo katika vitu hivyo.

Kemikali hizi ni nini?

Plastiki na sponji hushika moto upesi. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970 viwanda vimekuwa vikichanganya kemikali za kuzuia moto katika maganda ya televisheni na kompyuta, nyaya, viti vya magari na sponji za sofa. Nyingi zilitengenezwa kwa bromini, na kundi lililotumika sana huitwa PBDE. Siyo kila chombo kinazo, na kwa macho huwezi kutambua.

Nia ilikuwa njema, yaani kuokoa watu na moto. Tatizo ni kwamba PBDE huchanganywa tu na plastiki, hazishikamani nayo. Kidogo kidogo hutoka na kuingia katika vumbi la nyumba. Haziozi upesi, nazo hujikusanya katika mafuta ya samaki, ya wanyama na ya binadamu.

Madhara yake

Utafiti umeonyesha kwamba PBDE huvuruga homoni za tezi ya shingo. Pia zimehusishwa na kudhoofika kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Watoto wadogo hupata zaidi kwa sababu hutambaa sakafuni na kutia mikono kinywani. Nchini Sweden, watafiti waliopima maziwa ya mama yaliyohifadhiwa tangu 1972 hadi 1997 walikuta PBDE zikiongezeka mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, akina mama wasiache kunyonyesha, kwani faida ya maziwa ya mama ni kubwa kuliko hatari hiyo.

Sisi wafugaji tunaweza kujifunza kutoka Michigan, Marekani. Mwaka 1973 kemikali ya jamii hiyo, iitwayo PBB, ilichanganywa kwa makosa katika chakula cha mifugo. Ng'ombe wapatao 30,000 na kuku wapatao milioni 1.5 waliangamizwa, na watu wengi walikuwa wamekwisha kula nyama, mayai na maziwa.

Plastiki yenye bromini ikichomwa ovyo, hatari huzidi. Moto mdogo wa shimoni huzalisha dioksini na furani, ambazo ni sumu kali zaidi, na zinaweza kusababisha saratani. Majivu hubaki ardhini, kuku huyachakura, nasi tunakula mayai. Mwaka 2005 mtandao wa IPEN ulitangaza kwamba mayai ya kuku wa kienyeji karibu na dampo la Dandora, Nairobi, yalikuwa na dioksini kupita kiwango cha Umoja wa Ulaya.

Kwa nini Tabora?

Zamani misafara iliyopita hapa kati ya Ujiji na Bagamoyo ilichukua pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga. Nguo ile ilichakaa ikaoza. Leo barabara na reli zinatuletea vyombo vilivyotumika, na vikifa havina njia ya kurudi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Mkataba huo uliingiza PBDE za kwanza katika orodha ya kemikali zinazopigwa marufuku mwaka 2009, na ya aina ya deka mwaka 2017. Lakini vyombo vilivyotengenezwa kabla ya hapo bado vimo majumbani na maofisini mwetu.

Tufanye nini?

1. Tusichome kamwe plastiki, sponji, nyaya wala vyombo vya umeme.
2. Vijana wamenye nyaya kwa kisu badala ya kuzichoma. Shaba isiyoungua ni safi, na kipato chao hakipotei.
3. Kila usharika utenge chumba kikavu cha kuhifadhia vyombo vibovu, na kuvikabidhi kwa wakusanyaji wenye kibali pekee.
4. Tufute vumbi kwa kitambaa kibichi, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.
5. Kuku wasichungwe penye majivu ya zamani.

Kwa marafiki wafadhili tunasema kwa upendo: kompyuta zenu zimewafundisha vijana wetu, nasi tunashukuru. Lakini tunaomba mtume zilizo nzima na zenye miaka ya kazi mbele yake, na bajeti iwe na fungu la kuzisafirisha Dar es Salaam zitakapokufa. Kamati nazo ziwe na ujasiri wa kukataa msaada uliokwisha kuwa taka.

Mwanzo 2:15 inatukumbusha kwamba tulipewa bustani ili tuitunze. Tuanze na shimo lililo nyuma ya kanisa.